Ugali Niliomjazia Mama

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nilirudi nyumbani kutoka mashineni nikiwa mweupe kwa vumbi la unga kuanzia nywele hadi viatu, nikamkuta mama yangu amekaa mezani mbele ya sahani yake. Mchicha ulikuwa mwingi, maharage ya kutosha, dagaa wachache pembeni, na ugali wa muhogo uliolingana na ngumi yake. Ngumi ya mwanamke mzee, tena aliyekonda. Nilisimama mlangoni nikiutazama ule ugali, na hasira ikanipanda kabla hata sijavua kofia.

Ngoja kwanza nikueleze mimi ni nani, maana hasira ile haikuanzia pale mezani.

Nililelewa Mtabila, kambi ya wakimbizi, kule karibu na Kasulu. Tulivuka kutoka Burundi mimi na mama tu. Baba alikuwa ameshafariki. Kambini chakula kilikuwa cha kupimiwa. Unapanga foleni na kadi yako ya posho, mtu anachota unga kwa kopo, anapitisha kiganja juu ya kopo ili uliozidi urudi kwenye gunia, anakumiminia, unasogea. Yule mtu hakuwa mbaya. Alikuwa na watu wengi wa kuwapimia, na hakumjua hata mmoja wetu kwa jina. Lakini kile kiganja kinachopita juu ya kopo kilinikaa kichwani. Na tukifika kwenye kibanda chetu mama alikuwa anasema yeye ameshakula. Mimi nilikuwa katika umri wa kukua, nakula mpaka nakwangua sufuria, na ilinichukua miaka kuelewa kwamba mara nyingi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Nilipokuwa mtu mzima nilioa Muha wa Kibondo, Veneranda, tukahamia huko kwao. Makaratasi ya uraia yalikuja baadaye. Nilianza kwa kusaga unga kwenye mashine ya mtu, mwishowe nikawa na mashine yangu mwenyewe karibu na soko. Mama nikamchukua akae nasi. Na niliapa moyoni kwamba katika nyumba yangu hakuna atakayepimiwa chakula, mama yangu kuliko wote. Unga nilikuwa nao. Wakulima wanaleta mahindi, wanaleta muhogo, nasaga, kila jioni narudi na mfuko. Ugali wa mama ulikuwa unasimama kwenye sahani kama kichuguu, na furaha yangu ilikuwa kuuona umekwisha. Akimaliza, namwongezea. Akisema ameshiba, nacheka, namwongezea tena kidogo. Nilidhani huko ndiko kumpenda.

Ugonjwa ulianza na kiu. Mama alikunywa maji asubuhi, mchana na jioni, haridhiki, na chooni haishi kwenda. Nguo zikaanza kumpwaya ingawa alikuwa anakula kuliko mimi. Tukafikiri ni minyoo. Jirani mmoja akasema kuna mtu amemtazama vibaya. Veneranda hakubishana na mtu, alimshika mama mkono akampeleka hospitali. Wakamchoma kidole, wakasoma kipimo, kikatoa kumi na nane. Nesi akawaambia ni ugonjwa wa sukari, na kwamba hata nusu ya namba ile, kwa mtu ambaye hajala tangu jana yake, bado ingekuwa kubwa. Mama akapewa vidonge na kadi ya kurudi kliniki kila mwezi.

Basi tukaacha sukari. Mimi mwenyewe nililitoa bakuli la sukari mezani nikalifungia kabatini, ufunguo nikatembea nao. Mama akawa anakunywa chai kavu, anakunja uso, hasemi kitu. Na kichuguu cha ugali kikabaki palepale. Kila akirudi kliniki namba inakuwa imeshuka kidogo tu, au haijashuka kabisa, na mimi nikawa nalaumu vidonge.

Mara ya tatu yule nesi, mama mmoja mtaratibu aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, aliacha kuandika akawageukia. Maneno yake nilisimuliwa na Veneranda. Aliuliza, "Huyu mama anakula nini, tangu anapoamka?"

Wakamwambia. Uji wa mahindi kikombe kikubwa, viazi vitamu saa nne, ugali mchana, ugali jioni, ndizi mbivu zikipatikana.

"Sukari ameacha?"

"Ameacha kabisa."

"Hamjaacha. Mmeacha ile inayoonjeka na ulimi tu," akasema. "Ugali, wali, viazi, muhogo, ndizi, uji, chapati, vyote hivi ni wanga. Vikiingia tumboni vinageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu. Chakula hicho kikiwa kidogo, mwili wake na hivi vidonge vinaweza kukimudu. Kikiwa kingi, vinashindwa."

Mama akauliza ni wanga gani tena, wale wanaoruka usiku? Nesi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia mama akunje ngumi. "Huo ndio ugali wako wa mlo mmoja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe maharage au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, na ukila kiazi basi ugali unakaa nje, usivichanganye." Veneranda akauliza kuhusu dona, kwa sababu watu wanasema dona haina shida. Nesi akasema dona ni bora kuliko sembe, sukari yake inapanda polepole, lakini kichuguu cha dona nacho ni kichuguu.

Hiyo ndiyo sahani niliyoikuta mezani mchana ule.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza Veneranda.

"Chakula cha mama. Ndivyo nesi alivyotuelekeza."

"Katika nyumba hii mama yangu hapimiwi chakula."

"Baba Konsolata, kaa kwanza. Nitakueleza."

Sikukaa. Nilichukua ugali kutoka sahani yangu nikauhamishia kwenye ya mama, nusu, halafu nikaona hautoshi nikauhamisha wote. Mama akanitazama. Akautazama ugali. Akanawa mikono tena, sijui kwa nini, maana alikuwa ameshanawa, akaanza kula. Aliumaliza. Veneranda akaondoa vyombo, na mimi nikarudi mashineni nikijiona mwanamume.

Mwanangu, ningekuwa na njia ya kuurudisha mchana ule ningeurudisha. Sina. Nimeshauzunguka mara nyingi mpaka nimechoka.

Tukaendelea hivyo mpaka mvua zikaanza. Veneranda alijaribu mara mbili tatu kuzungumza nami, nikawa namjibu kwamba yeye hajawahi kupanga foleni na kadi ya posho. Hilo lilikuwa neno langu, na halikuwa na jibu, kwa hiyo nililitumia sana. Mwishowe akawa anapakua ninavyotaka nikiwepo. Nisipokuwepo sijui alipakuaje, sikuuliza.

Kisha mama akajikwaa kwenye jiwe shambani. Kidole cha mguu wa kushoto, cha pili kutoka kidole gumba. Kijeraha kidogo ambacho mimi na wewe tungekifuta kwa kitambaa na kukisahau. Kile hakikupona. Wiki moja, mbili, kikavimba, kikabadilika rangi, mama mwenyewe hasikii maumivu ya maana, na hilo ndilo lilimtisha daktari. Alikikata kile kidole.

Nilikaa na Veneranda kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Daktari alipotoka akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyumbani chakula chake mnakiangaliaje?" Nilingoja Veneranda aseme. Alikuwa na haki ya kusema yote, mbele ya daktari, na mimi nisingekuwa na pa kujificha. Akasema tu, "Tutajitahidi zaidi, daktari." Kunyamaza kule kwa mke wangu bado kunaniuma kuliko kama angenisema.

Ungedhani hapo nilijifunza. Sikujifunza, niliogopa tu. Mtu mwenye hofu anaweza kuonekana kama mtu aliyepata akili, na mimi nilijidanganya mwenyewe kwanza. Tuliporudi nyumbani nikatoa amri: mama asile ugali tena, hata tonge. Uji hapana, kiazi hapana, ndizi isikanyage mlangoni. Mchicha, sombe ya majani ya muhogo, maharage kijiko kimoja au viwili, basi. Mimi niliyeapa kwamba hakuna atakayepimiwa sasa nilikuwa nachungulia sahani yake kabla hajala.

"Na vidonge?" Veneranda akauliza.

"Ameze kama kawaida."

"Nesi alisema vidonge hivi anywe na chakula. Na tukibadilisha chakula tumwambie."

"Mchicha si chakula?"

Akachukua ungo akaenda kuchuma mchicha.

Jumapili ya kwanza baada ya amri yangu, mama akameza kidonge chake asubuhi, akanywa chai kavu, akachukua fimbo tukapanda naye kilima kwenda kanisani, mguu wake ukiwa bado na bendeji. Alitembea vizuri. Alikaa na akina mama wenzake, upande ule mwingine. Katikati ya mahubiri nikamwona anasimama. Nikadhani anatoka nje kujisaidia. Badala ya kwenda mlangoni akawa anakwenda mbele, polepole, kuelekea kwa mhubiri, ameshika ncha ya kitenge chake kama mtu aliyeshika kadi.

Nilimwahi. Uso wake ulikuwa umeloa jasho, jasho la baridi, na mikono inatetemeka. Akanitazama akaniita kwa jina la marehemu baba yangu. Kisha akaniuliza kwa Kirundi kama foleni imesogea.

Tulimtoa nje tukamkalisha chini, mgongo wake kwenye ukuta wa kanisa. Nyuma ya kanisa kulikuwa na wanawake wanachemsha chai ya wageni. Veneranda alikimbia akarudi na kikombe cha maji, na vijiko vya sukari vikubwa anavikoroga njiani. Nikamshika mkono.

"Unataka kumuua?"

"Niachie. Sukari yake imeshuka. Nesi alinieleza dalili zake, ndizo hizi."

"Sukari ya mama haijawahi kushuka."

"Kwa sababu hajawahi kushinda na njaa nyumbani kwako," akasema, "mpaka wiki hii."

Akauvuta mkono wake. Alimwinua mama kichwa, akaona kwamba anaweza kumeza, akawa anamnywesha kidogo kidogo, anamwambia meza mama, meza tena. Mimi nilisimama pale na mikono yangu. Ndani waliimba wimbo mzima, na ulipokwisha macho ya mama yakawa yamerudi. Akauliza kwa nini amekalishwa chini na kitenge chake kizuri.

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, Veneranda amempakata kwa nyuma asianguke. Hata baada ya ile sukari kipimo kilisoma tatu nukta mbili, bado chini. Wakampa uji na mkate, wakamwangalia mpaka alasiri. Nesi hakunigombeza. Alinieleza kwamba kidonge kinashusha sukari, na kisipokuta chakula kinaendelea kushusha hivyohivyo. Kwamba mama angeweza kupoteza fahamu na asiamke. Aliyasema kama mtu aliyeyasema mara nyingi kwa wanaume wengi. Nilimwona amechoka. Wakati ule sikujua uchovu ule ni wa namna gani. Sasa najua.

Jioni, jua halijazama, mama aliniita pale alipokuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba.

"Kaa hapa," akasema. Nikakaa.

"Kule Mtabila nilikupa chakula changu kwa sababu ulikuwa mtoto wangu na ulikuwa na njaa. Basi, hakuna zaidi. Wewe umelibeba jambo hilo mpaka limekulemea, sasa unanitwisha mimi."

Nikatazama bendeji ya mguu wake.

"Ulipokuwa unanijazia sahani, nilikuwa nakula ili usihuzunike. Nesi alikuwa ameshaniambia, nilijua ninachofanya. Hilo ni kosa langu. Kisha ukaninyima, nikanyamaza tena. Hilo nalo ni langu. Lakini mara zote mbili, mwanangu, hukuniuliza."

"Nilikuwa naogopa, Mama."

"Najua. Veneranda naye anaogopa. Ila yeye kabla hajapakua ananiuliza: mama, leo umelima? Umelalaje? Unataka ugali au unataka kiazi? Yule mtu wa kambini alinipimia hanijui. Huyu ananipimia ananijua. Mwache anipimie."

Nilimwomba radhi Veneranda siku mbili baadaye, tukiwa tunapepeta maharage. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, alisema amesikia, akaendelea kupepeta. Ilichukua muda mrefu, na sikustahili uwe mfupi.

Mama aliishi miaka mingine kadhaa. Vidole vilivyobaki vilibaki. Macho yake yalififia, nesi akatuambia huenda yalianza kuharibika zamani, katika siku zile za vichuguu, na mimi nikalichukua hilo nikaondoka nalo. Alikula ngumi yake ya ugali, siku nyingine kiazi, siku ya sherehe kipande cha ndizi mbivu kilichokatwa na Veneranda, na siku hiyo ugali ulipungua. Sisemi kwamba alifurahi. Kuna siku alilia kwa hamu ya uji mtamu, mtu mzima, akalia kweli. Tulikaa naye tu mpaka akamaliza. Alifariki wakati wa mvua, kitandani kwake, na sijui kama ilikuwa sukari au uzee, na nimeacha kuuliza.

Sasa sukari ninayo mimi. Nilipoambiwa sikushtuka, nilihisi tu kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye orodha. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa hivi. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kuchoma kidole, vidole vyangu vimekuwa vigumu. Nimechoka na benchi la kliniki. Nasaga unga wa watu siku nzima, naisikia harufu yake ya moto moto unapotoka kwenye mashine, halafu nakwenda nyumbani kula ngumi moja. Majuzi tu nilikuwa Kasulu kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Wali ukaja, mlima, na mwenyeji akasimama pembeni yangu: "Mzee, mbona hugusi, chakula chetu umekidharau?" Nikala. Nikala na wa pili. Asubuhi kipimo kikanieleza nilichokuwa nakijua. Kwa hiyo usinisikilize kama mtu aliyeshinda. Hakuna kushinda. Ukila vizuri leo, kesho sahani inaletwa upya na kazi inaanza upya.

Lakini ninachokijua nakuachia. Kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye sukari, au ni wewe mwenyewe, usiishie kwenye bakuli la sukari. Tazama ugali, wali, viazi, muhogo, ndizi, uji na chapati, maana humo ndimo sukari nyingi ilimojificha. Usivifukuze, kwa sababu mwili unavihitaji, vipunguze. Wanga wa ngumi yake, wa aina moja kwa mlo mmoja, na nafasi iliyobaki ijazwe mboga za majani, na maharage au samaki kwa upande. Soda na juisi usivinywe kwa kiu, kunywa maji. Na anayemeza vidonge vya kushusha sukari au anayechoma sindano asirukishwe mlo hata mmoja kwa sababu ya woga wako. Ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kwanza, kisha chakula, kisha hospitali. Kama hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbia naye. Na kiasi cha mtu mmoja si cha mwingine. Mtu wa jembe na mtu wa kiti hawali sawa. Kwa hiyo wanaokupima kliniki wasikilize, waulize, na usibadilishe kitu kwa hasira wala kwa hofu kama nilivyofanya mimi.

Zaidi ya yote, muulize mwenye mwili. Mimi niliongea na ugonjwa, niliongea na kumbukumbu zangu, niliongea na mke wangu kwa ukali, na yule aliyekuwa na njaa au shibe alikuwa ameketi palepale, mdomo anao.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mkono usio na pupa wala uchoyo unapopakua. Wazee wako wale kwako bila hofu na wainuke mezani kwa miguu yao. Uchovu ukikujia, na utakuja, usikukute peke yako. Na siku itakapofika zamu yako ya kupakuliwa, akupe mtu mwenye subira, akae nawe kwanza, ndipo ashike mwiko.